Kupanda Juu Si Kuwaacha Wenzetu Chini



Tangu tarehe 7 Septemba 2025, siku ambayo Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza Pier Giorgio Frassati kuwa mtakatifu pamoja na Carlo Acutis, picha moja imeingia katika kumbi zetu za vijana, imebandikwa ukutani na kuchapwa kwenye fulana. Inamwonyesha kijana aliyeshikilia jabali kwa mikono yake, macho akiyaelekeza juu. Picha hiyo ilipigwa tarehe 7 Juni 1925 katika bonde la Lanzo, upande wa milima ya Alpi iliyo karibu na mji wa Torino, nchini Italia. Yeye mwenyewe aliandika juu yake maneno machache ya Kiitalia, Verso l'alto, yaani "Kuelekea juu". Hakujua kwamba hiyo ilikuwa safari yake ya mwisho mlimani. Siku ishirini na saba baadaye alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 24.

Tunafurahi kuona vijana wa Kongo wakimchagua mlei huyu awe rafiki yao. Hata hivyo tuna wasiwasi, na tunaona ni wajibu wetu kuusema. Katika kikao kimoja cha vijana tuliuliza: kwako wewe, kuelekea juu maana yake ni nini? Wa kwanza alijibu kwamba ni kupata diploma na kisha cheo. Wa pili akasema ni kupata viza ya Ulaya. Wa tatu akasema ni kujenga nyumba ya ghorofa ambayo majirani wataitazama kila asubuhi. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Hatukuwakemea, kwa sababu hamu ya kuendelea si dhambi, na umaskini wetu si fadhila ya kujivunia. Lakini jioni, tulipoyakumbuka majibu yale, tuligundua kwamba hakuna hata moja lililomtaja mtu mwingine. Kila kijana alikuwa amepanda peke yake.

Hapo ndipo tunapotaka kutoa maoni yetu. Tunaamini kwamba maneno ya Frassati yanageuzwa maana pale yanapofanywa kuwa wito wa kuwapita wengine. Anayetaka kuyaelewa inafaa kwanza ajue jinsi watu wanavyopanda milima ile ya Alpi, maana huko ndiko maneno hayo yalikozaliwa.

Vilele vya Alpi vina theluji na barafu mwaka mzima. Ule mrefu kuliko yote, Mont Blanc, una mita zipatazo 4,800, na hewa ya kilele chake ni nyembamba mno, hata mwenye mapafu yenye nguvu hupumua kama mtu aliyekimbia. Wapandaji hulala katika nyumba ndogo zilizojengwa juu milimani, kisha huondoka usiku wa manane, saa saba au saa nane, wakiwa na taa kichwani. Wanafanya hivyo kwa sababu baridi ya usiku huigandisha theluji ikawa ngumu. Jua likishapanda, theluji hulegea, mawe huanza kuporomoka, na mchana dhoruba yenye radi inaweza kuzuka. Kwa hiyo mwenye hekima hutaka awe amefika kileleni mapema, na awe ameshaanza kushuka jua linapopata nguvu.

Juu ya barafu zile kuna nyufa zenye kina kirefu, na mara nyingi theluji huzifunika, jicho lisizione. Mtu anayetembea peke yake akitumbukia humo, huenda asionekane tena. Ndiyo sababu wapandaji hufungana kwa kamba moja kiunoni, kila mmoja mita kadhaa nyuma ya mwenzake. Kamba haiachwi ilegee sana, ili mmoja akianguka wengine wamzuie kabla hajapotea. Tangu dakika wanapofungana, hakuna tena safari ya mtu mmoja. Mwendo wa kundi zima unakuwa mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote, kwa sababu haiwezekani kumwacha, na haifai kumburuta.

Tena kuna utaratibu ambao kila kiongozi wa kikundi cha vijana angefaa kuujua. Wakati wa kupanda, kiongozi wa mlima hutangulia ili aifungue njia. Wakati wa kushuka hukaa nyuma ya wote, ili yeyote akiteleza, aliye juu amshike. Aliye hodari kuliko wenzake ndiye wa mwisho kufika mahali salama. Sisi huku tumezoea kusema "aliye juu mngoje chini", na mara nyingi tunalisema kwa kijicho, tukisubiri aliyefanikiwa aanguke. Katika Alpi ni aliye juu anayewangoja wenzake, na anawangoja ili wasianguke.

Historia ya mlima mmoja inatosha kutuonyesha uzito wa jambo hili. Matterhorn, ambao Waitalia huuita Cervino, uko mpakani mwa Uswisi na Italia, una mita 4,478, na umbo lake ni kama mkuki uliochomoza kutoka ardhini. Kwa miaka kadhaa Mwingereza Edward Whymper alijaribu kuupanda, akashindwa. Mwezi wa Julai 1865 alipata habari kwamba kundi la Waitalia, likiongozwa na Jean-Antoine Carrel, lilikuwa limeanza kupanda kwa upande wao. Hapo upandaji ukageuka kuwa mashindano. Tarehe 14 Julai, Whymper na wenzake sita walifika kileleni kutoka upande wa Uswisi. Wawili kati yao walijifungua kamba na kukimbia hatua za mwisho, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza. Walipowaona Waitalia wakiwa bado chini, walivingirisha mawe upande wao ili wawatazame na wajue kwamba wameshindwa.

Furaha hiyo ilidumu kama saa moja. Wakati wa kushuka, kijana wa miaka kumi na tisa, ambaye hakuwa na uzoefu wa kutosha, aliteleza. Alimwangusha kiongozi aliyekuwa mbele yake, na uzito wao ukawavuta wengine wawili. Kamba ikakatika, na watu wanne wakaanguka hadi kwenye barafu iliyo chini sana. Baadaye ilipochunguzwa, ilionekana kwamba kamba iliyokatika ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote walizochukua. Kamba zenye nguvu zaidi zilikuwapo, lakini hazikutumika mahali pale. Kipande chake kimehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la mji wa Zermatt.

Ndugu vijana, tulitafakari kwa muda mrefu habari ya kamba hiyo. Hawakukosa kamba ya kuwafaa. Katika haraka ya ushindi hakuna aliyejiuliza kamba inayowaunganisha na mwenzao ni ya namna gani.

Sasa sikilizeni kilichofuata siku tatu baadaye, ambacho watu wengi hawakisimulii. Carrel, aliyekuwa amerudi bondeni kwa uchungu, alipanda tena kwa upande wa Italia. Katika kundi lake alikuwapo padri, Amé Gorret, mzaliwa wa bonde lile lile la Valtournenche. Tarehe 17 Julai walikaribia sana kilele, wakakuta bonde jembamba lenye kuta kali ambalo iliwapasa kulivuka. Wawili wangeweza kuteremshwa humo kwa kamba, waendelee mpaka juu, lakini wakati wa kurudi wasingeweza kupanda tena pasipo watu wa kuwavuta. Ilibidi wengine wabaki. Padri Gorret alibaki pamoja na mwenzake mmoja. Waliishika kamba, Carrel na rafiki yake wakafika kileleni, wakarudi, wakavutwa salama. Padri yule, aliyeota kilele hicho tangu ujana wake, alikiacha akiwa hatua chache tu chini yake, ili ndugu zake wakipate na warudi hai.

Kwa maoni yetu, tarehe 14 Watu saba walifika juu na wanne hawakurudi nyumbani. Tarehe 17 watu wawili waliacha kufika, na kundi lote likashuka likiwa hai. Ni yupi kati ya hao aliyeelekea juu kwa maana ya Injili? Sisi hatuna shaka juu ya jibu.

Hatusemi haya kama watu wasio na kosa. Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa Kwaresima, tuliwaongoza vijana wapatao sitini kupanda kilima kimoja kwa ajili ya Njia ya Msalaba. Sisi viongozi tulikuwa mbele pamoja na wenye nguvu, tukiimba. Tulifurahi kuona jinsi tunavyopanda upesi. Tulipofika juu na kuwahesabu vijana, mmoja hakuwapo. Alikuwa kijana mwenye ugonjwa wa pumu, na sisi tuliujua ugonjwa wake. Tuliporudi tulimkuta ameketi chini ya mti karibu na kituo cha tano, pale tulipokuwa tumepiga magoti kumkumbuka Simoni wa Kirene aliyemsaidia Yezu kubeba msalaba. Tulikuwa tumesali sala ile kwa sauti kubwa, kisha tukasimama, tukaendelea na safari, naye akabaki. Alituambia neno moja tu: "Mwalimu, nilisikia nyimbo zikienda mbali." Hakuja tena kwenye kikundi. Tulimtembelea nyumbani mara mbili, akatupokea kwa heshima, lakini hakurudi. Kila tunapoona picha ya Frassati ukutani, tunamkumbuka kijana huyo.

Tumrudie basi Frassati mwenyewe, tuone kama alipanda kwa namna gani. Alizaliwa Torino tarehe 6 Aprili 1901, katika familia yenye mali na jina. Baba yake alikuwa mwanzilishi wa gazeti la La Stampa, akawa pia balozi wa Italia mjini Berlin. Pier Giorgio alikuwa mwanachama wa chama cha wapandaji milima, na alipanda vilele vingi, hata kile cha Grivola chenye mita 3,969. Mwaka 1924 alianzisha pamoja na marafiki zake kikundi kidogo cha kupanda milima, kufanya utani na kusaliana, na kifungo chao kikubwa kilikuwa sala. Hakukubali mlima umnyang'anye Misa. Alitafuta kwanza Ekaristi, ndipo akashika njia.

Lakini siku nyingine za juma, kijana huyo huyo alipanda ngazi za nyumba za maskini wa Torino. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo, na alibeba mizigo ya chakula, dawa na kuni mpaka kwenye vyumba ambavyo watu wa tabaka lake hawakuvijua. Alisomea uhandisi wa migodi ili aishi karibu na wachimbaji. Sisi wa Kongo, tunaowaona vijana wetu wakiingia mashimoni kwa mikono mitupu, tunaelewa vema uzito wa uchaguzi huo. Alipopatwa na ugonjwa wa kupooza mwishoni mwa mwezi wa Juni 1925, huenda aliupata katika nyumba hizo za maskini. Usiku wa kuamkia kifo chake, mkono wake ukiwa umekwisha kupooza, aliandika karatasi kwa herufi zisizosomeka vizuri, akiomba rafiki yake ampelekee mgonjwa maskini dawa ya sindano. Siku ya mazishi, njia zilijaa maskini, na familia yake ikashangaa kugundua kwamba walimfahamu mwana wao kuliko wao wenyewe.

Hiyo ndiyo maana ya kamba. Kijana aliyekuwa anakufa alikuwa bado amefungwa na mwenzake aliye chini, na hakuiachilia kamba hiyo.

Huenda mmoja wenu atasema: hayo ni mambo ya Wazungu wenye viatu vizuri na wakati wa kupoteza, sisi milima yetu tunaipanda na mizigo ya mihogo mgongoni. Neno hilo lina ukweli. Hata mlima wetu mkuu, Ruwenzori, ulipopandwa mwezi wa Juni 1906 na Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi, viongozi waliomsindikiza walitoka katika mabonde ya Alpi. Kilele chake cha mita 5,109, kilicho mpakani mwa Kongo na Uganda, kikapewa jina la malkia Margherita wa Italia, ambaye hakuwahi kukikanyaga. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo katika matope na mvua hawakupewa kilele chochote. Tunalijua jambo hilo, na linatuuma. Lakini linathibitisha yale tunayosema. Dunia huandika jina la aliyefika, humsahau aliyebeba. Mkristo hana ruhusa ya kufanya hesabu zake namna hiyo.

Kanisa lenyewe limetupa mfano. Papa Pio XI, kabla ya kuwa Papa, alikuwa mpandaji hodari; mwaka 1889, akiwa padri wa Milano, alipanda Monte Rosa kwa njia ngumu na kukesha usiku mzima katika baridi karibu na kilele. Mtu kama huyo angeweza kuwapa wapandaji msimamizi aliyeshinda vilele. Mwaka 1923 alimtangaza Mtakatifu Bernardo, ambaye katika karne ya kumi na moja alijenga nyumba ya wageni kwenye kipito cha mlimani chenye mita 2,469, ili wasafiri waliopotea katika theluji wapate moto, mkate na kitanda. Watawa wa nyumba hiyo wanawapokea wasafiri mpaka leo. Msimamizi wa wapandaji milima, basi, ni mtu aliyefungua mlango.

Nasi tuna wetu. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Floribert Bwana Chui alitangazwa kuwa Mwenye Heri. Alikuwa kijana mlei wa Goma, mkaguzi wa bidhaa zinazovuka mpaka. Alikataa rushwa iliyotolewa ili chakula kilichoharibika kiuzwe kwa watu, na mwaka 2007 akauawa kwa sababu hiyo. Alikuwa na miaka 26. Kwa wale waliomtaka apokee fedha, alikuwa anapewa nafasi ya kupanda juu. Yeye aliwafikiria watu ambao wangekula chakula kile, watu asiowajua kwa majina, akakataa kuikata kamba iliyomfunga nao.

Kuna tena jambo la kushuka. Katika Injili ya Marko, Petro alipomwona Yezu akigeuka sura mlimani, alitaka kujenga vibanda na kubaki. Yezu hakubaki. Aliwashusha wanafunzi wake, na chini ya mlima wakamkuta baba mwenye mtoto anayeteswa, aliyekuwa anawangoja. Wapandaji wa Alpi wanajua kwamba kilele ni nusu ya safari tu, na kwamba anayeugua kwa ajili ya uhaba wa hewa hana tiba nzuri kuliko kushushwa mara moja. Kurudi kabla ya kufika si aibu. Vivyo hivyo, anayepata masomo na cheo halafu asishuke kamwe kwa waliomlipia karo, huyo bado hajaimaliza safari yake.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vikundi, iwe ni Kwaya, Xaveri, Kiro au Skauti, waweke desturi tatu mtakapopanda tena kilima chochote. Kwanza, adhimisheni Misa au salini pamoja kabla ya kuondoka, na hesabuni watu kwa majina. Pili, aliye dhaifu awe karibu na mbele, na mwendo wake uwe mwendo wa wote. Tatu, wakati wa kushuka, kiongozi na vijana wenye nguvu kuliko wengine wawe wa mwisho. Kisha mchukue desturi hizo hizo mkazitumie shuleni, kazini na nyumbani. Katika mkutano wenu ujao kila mmoja ajiulize mbele ya Mungu: ni nani aliyefungwa nami kwa kamba moja? Na je, bado nasikia hatua zake nyuma yangu, au ni yeye anayesikia nyimbo zangu zikienda mbali?

Mtakatifu Pier Giorgio na Mwenye Heri Floribert watuombee, ili tukielekea juu, tufike wote.